Mwalimu na Kiwanja cha Furaha

Mwalimu hakuwahi kujua jina langu. Alinifundisha kusoma, alinifundisha Kiswahili cha vitabuni ambacho kwetu Warundi kilikuwa kigumu kuliko Kifaransa, akaja kwenye komunyo yangu ya kwanza na kula wali wa mama hadi sahani ikang'aa, na bado alipotaka kuniita alisema, "Wewe, wa dirishani." Darasa letu halikuwa na dirisha. Lilikuwa turubai lililofungwa kwenye miti, na pale nilipokaa palikuwa pamechanika, upepo ukiingia bila kubisha hodi. Hapo ndipo alipopaita dirishani. Hata sasa, nikiwa mama wa watoto na kibanda changu cha maziwa huku Kakiika, Mbarara, akinipigia simu huanza vilevile: "Allô, wa dirishani?"

Nimeanza na hili kwa sababu watu wa kambi yetu ya wakimbizi ya Nakivale wanaomkumbuka humkumbuka kama mzee aliyegombana na kila mtu kwa ajili ya jina moja. Ni kweli aligombana. Lakini ni yeye huyohuyo aliyewaita wanafunzi wake "wa dirishani", "wa kikohozi", "ndugu ya yule", na tulipomlalamikia alitutazama kana kwamba tumemwomba kitu cha ajabu.

Jina lake mwenyewe pia hakulijali. Siku alipoandikishwa alipoingia Uganda akitoka Kivu ya Kusini, aliyemwandika alikosea herufi, na kadi yake ikatoka na jina ambalo kwa lugha ya kwao halikuwa na maana yoyote. Wenzake walimsihi akarekebishe. Yeye alikunja mabega.

"Hiyo jina ni ya kupokelea mahindi," alisema. "Ile yangu iko kwangu."

Alivaa soksi za mpira zilizofika magotini, na chini yake sandali za tairi. Kabla ya somo alitafuna kipande cha tangawizi mbichi, akiamini kinafungua sauti, na darasa zima lilinuka tangawizi mpaka tukirudi nyumbani mama zetu walijua tulikoketi. Hakuvumilia mtoto anayenakili kazi ya mwenzake. Lakini akicheza dama na wazee wa kwetu aliiba waziwazi, akisogeza kete kwa kidole cha mwisho huku anaangalia pembeni. Akikamatwa alisema, "Sikuiba. Nimesahihisha." Baba yangu aliapa hatacheza naye tena, na Jumapili baada ya misa walikuwa wameketi tena wawili, ubao katikati.

Kiwanja kilikuwa kichaka cha miiba nyuma ya darasa, fasi ambayo hata mbuzi waliikwepa. Mwalimu alimwendea mwenyekiti wa eneo letu siku baada ya siku, mpaka yule bwana akasema chukueni, mniache. Tukatoka darasa zima na majembe na mapanga ya nyumbani. Kati yetu alikuwapo Furaha, Mkongomani kama Mwalimu, msichana mwenye miguu mirefu na kicheko cha kusikika mbali. Alipotokea nyoka sisi wote tulikimbia; Furaha alibaki pale ameshika jembe, anamwambia nyoka aende zake. Ni msichana pekee ambaye Mwalimu alimwita kwa jina lake. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu ni jina rahisi.

Tulifyeka kwa wiki kadhaa. Siku ya mwisho ilibaki pembe moja tu, na mawingu yakaja kutoka upande wa Ngarama, meusi, yenye haraka. Baadhi yetu tukaomba kwenda nyumbani. Mwalimu alitazama juu, akatazama ile pembe.

"Tumalize kwanza hii pembe," alisema.

Tulimaliza. Tulikuwa tunatoka, majembe begani, matone ya kwanza yakianguka, radi ilipopiga. Wengi tulitupwa chini. Wote tuliinuka, isipokuwa Furaha.

Sitaeleza zaidi ya hapo. Nitasema tu kwamba Mwalimu alimbeba mwenyewe mpaka kwa mama yake, hakukubali mtu ampokee, na kwamba tangu siku ile sikumwona akikanyaga kile kiwanja. Alikuja kila alasiri, akasimama ukingoni, akapiga makofi kuwaelekeza wavulana, maana filimbi aliichukia. Mpira ukitoka aliurudisha kwa mguu. Akitaka kwenda upande wa pili alizunguka kote kwa nje, hata kwenye jua kali, hata alipoanza kuumwa goti.

Jina halikupangwa. Hakuna kikao kilichokaa. Wavulana waliotaka kucheza walianza kuambiana, "Tukutane kwa Furaha." Kisha akina mama, "Kaanike mahindi kwa Furaha." Baadaye padri alitangaza kanisani kwamba msafara wa Ekaristi utapitia kwa Furaha, na mtu aliyetoka Burundi mwezi uleule alimuuliza jirani yake Furaha ni mama gani mwenye shamba kubwa namna hiyo. Miaka ilipita hivyo. Watoto waliozaliwa baada ya msiba ule walilitaja jina lake mara nyingi kuliko la shangazi zao.

Kisha likaja shirika la kwanza. Sisi tulifurahi, tusidanganyane. Walileta bembea, wakasawazisha udongo, wakaweka magoli ya chuma badala ya miti yetu iliyopinda. Siku ya kufungua, kibao kilifunikwa kitambaa, kikafunuliwa, watu wakapiga makofi. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, ya bluu, na chini yake jua lililochorwa macho na meno, linacheka. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshamaliza shule na Kiingereza nilikijua kidogo. Nikamsomea Mwalimu: kiwanja cha watoto wenye furaha.

Alimfuata kijana wa shirika, Mnyankore mpole mwenye kofia, nami nikamfuata Mwalimu.

"Mulitoa jina yetu," Mwalimu alisema.

"Hapana, mzee! Sisi tumeuliza watu jina, wakasema Furaha. Basi tumeiacha hiyohiyo. Tumeweka kwa Kizungu tu, ndiyo wafadhili wasome."

"Furaha ni mutu."

"Eh?"

"Ni mutu. Ni mutoto mwanamuke. Alikufia hapa, unaona pale? Pale."

Kijana alitazama pale, kisha akatazama jua lenye meno. Nilimwona uso ukimbadilika. Hakuwa mtu mbaya. Alivua kofia.

"Pole sana, ssebo. Pole kabisa. Lakini hii kibao imeshapigwa picha. Picha imeshaenda huko Ulaya."

Mwalimu alianza safari zake za ofisini hapo. Alikuwa mtu wa kukaa kwenye benchi la mapokezi asubuhi mpaka wafanyakazi watoke kula. Hakutukana, hakuomba kuondolewa bembea. Alitaka kibao kiseme Furaha alikuwa mtoto wa nani. Kila ofisi ilimpokea vizuri, ikampeleka kwa ofisi nyingine. Afisa mmoja alimwambia waziwazi, bila ubaya, "Mzee, anayejenga ndiye anayeita." Mwalimu alilirudia neno hilo kwa miezi, mahali popote, hata katikati ya dama.

Mama yake Furaha alikuwa akikaanga sambaza, wale samaki wadogo, karibu na soko. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na katika mambo haya yote hakuna aliyemuuliza chochote, wala Mwalimu. Siku moja alikuja mwenyewe. Nilikuwapo, nilikuwa nimempelekea Mwalimu viazi kutoka kwa mama yangu. Alisimama mlangoni, hakutaka kuketi.

"Mwalimu, nasikia uko natembeya kwa maofisi juu ya mutoto yangu."

"Ndiyo, mama. Batarudisha jina. Sitachoka."

"Wacha."

Mwalimu hakuelewa. Au alielewa, akangoja.

"Kila mangaribi niko napika," mama akasema, "nasikia batu banamuita. Furaha, Furaha, tuende kwa Furaha. Banamuita, na yeye haitike. Miaka yote hii. Unajua ile iko namna gani? Sasa banaweka jina ingine. Wacha baweke. Labda nitapika kwa amani."

Vidole vya Mwalimu vilikuwa vinamenya kipande cha tangawizi ambacho hakukitia mdomoni. Kisha akasema jambo ambalo sote tulilijua na hakuna aliyewahi kulitamka.

"Mama, ni miye niliwaambia bamalize kwanza."

"Najua," mama akasema. "Batu yote banajua. Sikukuja juu ya ile."

Akachukua kapu lake, akaenda.

Nilidhani mambo yangeishia hapo, na mtu mwingine angeacha. Mwalimu alipumzika kwa muda, tukaona amekonda, kisha nikamkuta tena kwenye benchi la ofisi, soksi zimevutwa juu, amenyooka. Nilikasirika. Nilimwambia mama amekataa, sasa unampigania nani? Akanijibu, "Mama amechoka. Ni haki yake. Miye sina haki ya kuchoka." Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi nikipima maziwa, na bado siwezi kusema kama alikuwa anampenda yule mtoto au alikuwa anajiadhibu, na kama mama mtu alistahili kulipia adhabu hiyo.

Nilipohamia Mbarara na kuanza kuuza maziwa, nikiyapokea kutoka Bwizibwera kila asubuhi, Mwalimu alipata sababu ya kuja mjini. Alisema anakuja kunitembelea. Ukweli ni kwamba alikuja kuangalia bustani.

Ilikuwa bustani ndogo ya mji, nyasi na viti vya saruji, ambayo watu wote waliiita Bustani ya Kinyozi, kwa sababu zamani kinyozi mmoja alitundika kioo chake kwenye mti pale na kunyoa nusu ya mji. Wakubwa wa mji waliikarabati, wakaipa jina la mheshimiwa mmoja marehemu, wakaweka kibao cha shaba. Na watu wakaendelea kusema Kinyozi! Mwalimu aliposikia hivyo alifurahi kama aliyeletewa habari za kwao.

"Unaona, wa dirishani? Kibao kinabadilika siku moja. Mudomo ya batu haibadilike."

Basi kila alipokuja alishuka kwenye gari, akaita bodaboda, akasema apelekwe Bustani ya Kinyozi, na alipofikishwa bila maswali alinipigia simu kunipa taarifa kana kwamba ameshinda uchaguzi. Akiketi pale aliwauliza wapita njia: samahani, hapa panaitwaje? Wengi walijibu Kinyozi. Wengine walimwona kichaa, lakini hata hao walijibu Kinyozi. Alirudi Nakivale amejaa nguvu, akapita kwenye mabanda anawaambia watu: sisi tuseme tu kwa Furaha, hakuna anayeweza kutufunga mdomo.

Nilikuwa naye siku mambo yalipogeuka. Tulikuwa stendi, akamwambia kijana wa bodaboda jina lile.

"Hiyo pahali siijui, mzee."

"Bustani ya Kinyozi. Ya mjini hapa."

"Kinyozi iko nyingi. Unataka kunyoa? Nikupeleke kwa jamaa yangu, ananyoa vizuri."

Mwalimu aliita mwingine. Naye hakujua. Wa tatu alikuwa mtu mzima kidogo, akacheka, akawaambia wenzake, "Ah, anasema ile ya mheshimiwa. Zamani tuliiita hivyo." Alisema zamani. Mwalimu alipanda pikipiki bila kupatana bei, na siku hiyo hakumuuliza mpita njia yeyote. Tuliketi kwenye kiti cha saruji, mimi na yeye, tukala chapati. Vijana wa chuo walikuwa wanapigana picha mbele ya kibao cha shaba.

"Hawa walizaliwa lini?" akaniuliza.

"Kibao kikiwa kipo tayari, nadhani."

Akatikisa kichwa polepole.

Shirika la kwanza liliondoka, bembea zikakatika, jua lenye meno likaliwa na kutu. Likaja la pili, kubwa zaidi. Walizungusha waya, wakajenga ofisi ndogo, tenki la maji na vyoo. Kibao kipya kilikuwa na alama nyingi za wafadhili na jina refu ambalo hakuna aliyeweza kulimaliza kwa pumzi moja. Vijana walilikata, wakaita Mradi. Tunaenda Mradi. Mechi iko Mradi. Kiwanja kilikuwa kizuri kuliko wakati wowote, na wazee peke yao ndio walisema kwa Furaha, nao walikuwa wanapungua, wengine kwa kufa, wengine kwa kupata ndege ya kuhamishiwa ng'ambo. Mama yake Furaha naye alipata ndege. Alipelekwa nchi ya baridi, pamoja na wanawe waliobaki. Mwalimu alimsindikiza mpaka kwenye basi, wakashikana mikono.

Msimamizi wa huo mradi wa pili alikuwa mwanamke mwenye huruma, na nasema huruma bila kejeli. Alimsikiliza Mwalimu mpaka mwisho, hata akatoa leso. Kisha akamweleza kwamba kiwanja kina mfadhili wake, ofisi ina mfadhili wake, tenki lina wake. Kila kimoja kimeshapewa jina. Akafikiri kwa kweli, akitafuta kumsaidia.

"Imebaki vyoo tu, mzee. Vyoo havina jina. Naweza kuomba wakubwa, tuweke pale jina ya mtoto. Tuandike vizuri, na maua pembeni."

Walionieleza walisema Mwalimu alisimama, akamshukuru, akatoka mpaka nje ya waya. Huko nje ndiko alikopiga kelele. Alipiga kelele kwa Kifaransa, kwa Kifuliiru cha kwao, kwa lugha zote alizokuwa nazo, mpaka watu wakatoka sokoni kuangalia. Wakauliza kuna nini. Wakaambiwa: mzee amekasirika kwa sababu wanataka kuita vyoo Furaha.

Kibao hakikuwekwa. Lakini watu walikuwa wameshasikia, na vijana ni vijana. Haikuchukua mwezi. Mchezaji akibanwa katikati ya mechi alimwambia mwenzake, ngoja, nakwenda Furaha kidogo. Watoto wadogo waliokota neno bila kujua lilikotoka. Mwanangu mwenyewe, tulipokwenda kumwona bibi yake, alirudi Kakiika analisema, na nilimpiga kofi ambalo hakulielewa, nikalia mimi badala yake.

Nilimwona Mwalimu mara ya mwisho msimu huu wa mvua. Alikuja Mbarara kutibiwa macho. Mguu haukumtii tena. Nilimshika mkono tokea barabarani mpaka kwenye kibanda changu, nikamkalisha kwenye kreti, nikampa maziwa ya moto. Akanywa. Soksi hakuvaa, na miguu yake mitupu ilinishtua, ilikuwa myembamba kama ya mtoto. Aliniambia machoni mwake mambo yote ni ukungu, na kwamba wamegawa upya viwanja vya makazi, yeye amehamishwa, sasa anakaa nyuma ya lile tenki.

"Nitakuja kukuona Krismasi," nikasema. "Nitakuletea siagi."

"Utapotea. Nyumba zote ni mupya."

"Sitapotea. Nikishuka nitauliza kwa Furaha."

Aliweka kikombe chini haraka, maziwa yakamwagika kwenye mkono wake, hakuyafuta.

"Hapana," akasema. "Usiulize hivyo. Ukiuliza hivyo batakuonyesha choo."

Mteja alikuja na chupa yake, nikamjazia, akaondoka.

"Na ukikuta mutu wa zamani," Mwalimu akaendelea, "bale bazee balibakia, ukisikia anasema kwa Furaha, umuombe aache. Miye niko nabapita mumoja mumoja, nabaambia. Iishe. Batoto basikute hiyo jina fasi yoyote. Ikiisha kabisa, na kule chooni itaisha."

"Mwalimu, miaka yote ile..."

"Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Basi ukishuka, unauliza wapi?"

Macho yake yenye ukungu yalikuwa yamenielekea, lakini kidogo pembeni, pale alipodhani uso wangu upo. Nje lori la maziwa lilikuwa linarudi nyuma, na kijana analipigia mluzi. Nilitaka kuongeza neno, nikaona anangoja.

"Mradi," nikasema.

"Sema tena."

"Mradi."

"Bon," akasema, akapapasa akitafuta kikombe chake.